Kofia Kumi na Nne Kabatini

Siku za shufwa Dorika Mlowe hakuvaa kofia. Tarehe mbili, tarehe nne, tarehe sita, mpaka mwezi uishe, aliingia wodini kichwa wazi, nywele zake zenye mvi zimesukwa mistari minne, na kofia yake nyeupe ya unesi ikabaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Siku za witiri aliivaa kama wenzake. Wakaguzi walimwandikia onyo, wakamwandikia la pili, kisha wakamzoea. Wanawake wa Lihogelo, kijiji kile cha baridi kilichokaa juu ya njia ya kwenda Mdandu, walisema ni nadhiri aliyoweka na Mungu. Wengine walisema mkunga akiwafumba macho watoto wengi mno, naye kitu humtoka kichwani.

Dorika hakukana wala hakukiri. Aliinama, akaendelea kufuma.

Kufuma alifundishwa na mama yake, kwa vijiti vya mwanzi, jikoni kwao, kabla hajajua kusoma. Baba alikuwa mkulima wa pareto, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa maneno machache aliyeamini kwamba mikono isiyo na kazi hualika shetani. Basi mikono ya Dorika haikupata kukaa bure. Aliposomea uuguzi na kupangiwa Lihogelo mwaka wa themanini na tatu, alikuta kituo chenye vitanda sita, kabati moja la mbao na dirisha lililokosa kioo. Miaka ile maduka yalikuwa matupu. Mtoto alizaliwa akafutwa kwa kanga ya mama yake, akafungwa kwa kanga hiyohiyo, mbichi.

Na baridi ya Juni kule juu haipigi hodi. Inaingia na ukungu, inakaa chini ya vitanda, na alfajiri majani ya uwanjani yanakuwa meupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Watoto wakubwa walilia, wakapona. Wadogo, wale waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, hawakulia. Walinyamaza tu, miguu ikawa kama kokoto za mtoni, na siku ya pili au ya tatu mama alirudi nyumbani na kanga tupu.

Halafu mlango wa nchi ukafunguliwa, bidhaa zikaingia. Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya na reli inapita katikati ya upepo, marobota ya mitumba yakaanza kushushwa. Mwenye meza kubwa kuliko zote alikuwa Bi Somoe, mwanamke wa Kilwa aliyekuja na mume dereva, mume akaenda zake, yeye akabaki. Dorika alimkuta akitupa masweta yaliyotoboka.

"Yachukue, Sista," Bi Somoe alimwambia. "Hili lina shingo mbili, sijui mzungu wake alikuwa mtu wa namna gani."

Dorika aliyafumua masweta yale, akaosha nyuzi, akafuma kofia za watoto wachanga. Mwanzoni akina mama walizikataa. Nguo zile watu waliziita kafa ulaya, na nani anataka kumvisha mtoto wa siku moja kofia ya maiti?

"Sista, na mwenyewe akija kuidai?" mama mmoja alimuuliza.

"Mwambie aje kwangu. Mimi ndiye niliyemfulia."

Wodi nzima ilicheka, na siku hiyo kofia nne zilivaliwa.

Akaendelea. Aliacha kuwaogesha watoto siku waliyozaliwa. Aliziba dirisha kwa ubao. Aliwalaza wadogo kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kanga juu. Kila alichobadilisha alikiandika katika daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake: tarehe, uzito, kipimajoto kimesema nini asubuhi. Kilichosaidia alikishika, kisichosaidia alikiacha. Mwaka wa tisini na tatu ulipokwisha, watoto waliopoa miili kwa baridi walikuwa wamepungua kuliko mwaka wowote aliokumbuka. Hakujua kama jambo lile lina jina. Kwake ilikuwa kazi tu, kama mtu anayeziba paa linalovuja na kutazama kama bado panadondoka.

Mwishoni mwa mwezi wa tano mwaka wa tisini na nne akaja Daktari Filbert, kijana mrefu wa miwani, ametumwa kukaa miezi mitatu kabla ya kurudi masomoni. Alilisoma daftari amesimama, akalisoma tena amekaa.

"Sista Dorika, hili jambo linatakiwa lisikike mpaka Dar es Salaam."

"Lisikike kwa nani, Daktari? Watoto wako hapa."

"Na watoto wa Makete? Na wa Mbulu?" Akavua miwani. "Ila watakuuliza: umejuaje kuwa ni kofia? Pengine mwaka jana baridi ilikuwa ndogo. Pengine ni ubao wa dirishani. Hatuna wa kuwalinganisha nao."

Maneno hayo yalimwingia. Binti wa mkulima wa pareto, aliyeishia chuo cha uuguzi, ambaye hakuna mtu aliyepata kumwomba daftari lake. Na lililotokea baadaye Dorika hakuweza kamwe kumtwika Filbert, kwa sababu njia ilikuwa yake mwenyewe. Pale kituoni kazi ziligawanywa kwa tarehe: siku za witiri kuchota maji kisimani, siku za shufwa kufua mashuka. Ilikuwa desturi yao tangu zamani, hata wapishi waliifuata.

"Tufanye kwa tarehe basi," alisema. "Wa witiri wapate kofia. Wa shufwa wakae kama zamani. Miezi mitatu."

Filbert alimtazama kwa heshima, na heshima ile ilimpasha moto Dorika kuliko jiko.

"Ila kanuni ni moja," Filbert akasema. "Aliyezaliwa shufwa abaki bila kofia mpaka aruhusiwe. Ukimvisha kesho yake, hesabu zimeharibika."

Hawakuwaambia akina mama. Haikuwajia hata kuwaambia. Wangeelewa nini?

Jumanne ya tarehe kumi na mbili Julai, saa nane mchana, Noela aliingia kituoni akitembea kwa miguu kutoka upande wa Mdandu, ameshika kiuno. Alikuwa na miaka ishirini, mimba yake ya kwanza, haijatimiza miezi minane. Saa kumi alijifungua mtoto wa kiume, kilo moja na robo tatu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kizingitini. Noela alitazama kitanda cha pili, alipolala mama aliyejifungua jana yake, na kichwani mwa mtoto kofia nyekundu kama pilipili.

"Sista, na wangu mvishe."

Kabati lilikuwa nyuma ya Dorika, limefungwa. Ndani yake zilikuwamo kofia kumi na nne, zimepangwa mbilimbili.

"Zimekwisha," Dorika alisema.

"Hata iliyochanika?"

"Zimekwisha, mwanangu."

"Basi nimechelewa," Noela alisema taratibu, kama mtu anayejisemea, akamfunika mtoto kwa kiganja.

Tarehe kumi na tatu asubuhi kipimajoto kilishuka. Dorika alikisoma, akaandika, akapita. Tarehe kumi na nne kulipokucha alifungua kabati, akatoa kofia ya njano, ile ndogo kuliko zote, ambayo uzi wake aliutoa kwenye sweta lililokuwa na utepe wenye jina la mtoto wa kizungu. Alivuka wodi nayo. Hatua kumi na moja. Alipofika kitandani alijua kabla hajagusa. Kulikuwa na muda wa kubatiza tu. Aliyapasha maji moto kwanza, kana kwamba sasa ingesaidia, akayamimina juu ya kile kichwa kitupu, akamwita Abrahamu, jina alilolitaka mama yake. Maji yalitiririka usoni, mtoto hakukunja hata jicho.

Mwisho wa Agosti Filbert alijumlisha. Wa witiri, thelathini na tisa: waliopoa wawili, aliyekufa mmoja. Wa shufwa, thelathini na saba: waliopoa kumi na mmoja, waliokufa watatu. "Umeona, Sista!" alisema kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu. Aliondoka na nakala ya hesabu zile, akapata nafasi ya masomo nje, na hakuandika neno. Dar es Salaam haikusikia kitu.

Tarehe mosi Septemba Dorika alianza kuwavisha wote. Tarehe mbili aliitundika kofia yake kwenye msumari.

Ndivyo miaka saba ilivyopita. Kituo kikapata kioo cha dirisha, wagonjwa wakaanza kuchangia huduma, mtu mmoja akafungua zahanati yake binafsi njiani. Hakuna mtoto aliyetoka Lihogelo kichwa wazi. Lakini Dorika, akiwa jikoni kwake, akiwa kanisani, alisikia lile neno likisemwa kwa sauti yake mwenyewe: zimekwisha. Kinachoupumzisha moyo ni usahaulifu, na kwake haukuja. Wakati mwingine, mchana kabisa, wodi ikiwa na kelele za wageni, aligeuka ghafla kutazama kabati, kwa kuwa alihisi mtu mdogo amesimama mbele yake, urefu ukiongezeka mwaka hadi mwaka. Mwanzo alimfika goti. Sasa alikuwa karibu kumfika kiuno. Hakumwogopa. Alichoogopa ni kwamba hakuwahi kumwona na uso.

Januari ya mwaka elfu mbili na mbili aliitwa semina Makambako. Kituo chake kilikuwa mfano, walimwambia, aje na daftari. Ilikuwa tarehe kumi na sita, upepo ukigonga mabati ya ukumbi. Mwezeshaji alikuwa Jasmine, ofisa muuguzi, umri wa kuwa binti yake, mwenye sauti ya kutulia. Siku hiyo alikuwa akieleza kwa nini si kila kipimo ni utafiti.

Mzee Polikarpo, tabibu wa siku nyingi, alinyoosha kidole. "Mimi nimehamisha benchi la wagonjwa kutoka juani kwenda kivulini, nikahesabu kama wanaosubiri wamepungua kuzimia. Niwape fomu watie saini?"

Ukumbi ulicheka.

"Hapana, mzee wangu," Jasmine alijibu naye akicheka. "Jambo hilo wengine wameshalijua kuwa zuri. Umelileta kwako, kwa wote wanaokuja, ukapima ili urekebishe. Huo ni uboreshaji. Benchi lisipofaa, kesho unalirudisha. Utafiti ni mtu anayesema: mimi hili silijui, hata wenzangu hawalijui, nataka kulijua ili liwafae watu ambao hawapo hapa. Basi huenda akawagawa walio mbele yake, huyu apate, yule asipate. Si dhambi, dawa tunazotumia zimepita njia hiyo. Ila njia hiyo ina mlango. Kuna watu wa kuupima mpango wako kabla hujaanza, na kuna mgonjwa wa kuulizwa. Naye anaweza kukataa na bado ukamhudumia vilevile."

"Ee, kumbe," alisema Polikarpo, akaandika.

Dorika alisimama. Watu walidhani anataka kusifiwa.

"Na aliyewagawa bila kuuliza?"

"Amewatumia, mama," Jasmine alisema, bila ukali. "Hata kama alichopata ni kweli."

Wengine walipotoka kwenda kunywa chai, wale wawili walibaki na daftari mezani. Jasmine alifunua polepole, akisifu mwandiko. "Kurasa hizi za mwanzo nitazifundishia mikoa yote. Na hizi za mwisho." Akafika katikati, penye safu mbili. Kidole chake kikasimama. "Hapa kofia zilipungua?"

"Hazikupungua."

Jasmine alirudi kwenye safu ya kwanza, akaisoma upya. "Wewe ulikuwa na shaka kama zinasaidia?"

Hilo ndilo swali ambalo Dorika hakuwahi kujiuliza, na jibu lilikuwa tayari kinywani mwake kama jino linalotikisika. "Sikuwa na shaka. Niliona mwaka mzima. Nilitaka wengine waone."

"Ungewauliza mama zao, wangekubali?"

"Mmoja aliniomba kofia mwenyewe," Dorika alisema.

Jasmine alilifunga daftari, akamrudishia kwa mikono miwili. Hakumwambia la kufanya. Dorika alikuwa analijua. Tangu Machi iliyopita hakuwa amekanyaga kwa Bi Somoe, nyuzi alikuwa akiagiza kwa dereva, kwa kuwa Machi ile alimwona kwa mbali mfanyakazi mpya akifungua robota, akamtambua kwa namna alivyoinama.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mabati, aliingia sokoni kichwa wazi.

"Ee Mola, huyu hapa!" Bi Somoe alipaza sauti. "Nilidhani umekwisha kuzikwa huko kwenye baridi yenu. Noela! Mletee Sista kigoda. Huyu ndiye aliyenivumbulia kazi ya masweta mabovu, sasa kila mtu anayataka."

Noela alileta kigoda. Alikuwa amenenepa kidogo, macho ni yaleyale. "Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Kamwene," Dorika aliongeza salamu ya Kibena.

"Kamwene." Alikaa juu ya robota, akaanza kufumua mkono wa sweta huku akiongea, kama mtu aliyesubiri miaka. "Nilitamani nikuone. Wiki hii watoto wanaandikishwa darasa la kwanza. Nimepita shuleni, nikasimama getini kama mwehu. Abrahamu angekuwa mstarini."

"Angekuwa," Dorika alisema.

"Ulijitahidi. Mimi ndiye mwenye makosa. Siku ile uchungu ulinishika asubuhi, nikasema nimalizie kwanza madebe mawili ya viazi. Mama mkwe wangu alinihesabia: ungetoka saa mbili, ungezikuta kofia. Alinihesabia kila siku. Mume naye akaanza kuhesabu. Ndiyo maana niko hapa." Alivuta uzi, ukakatika. "Madebe mawili, Sista. Na viazi vyenyewe vilioza."

Dorika alishuka kwenye kigoda, akapiga magoti kwenye vumbi la soko, kati ya masweta ya watu waliokufa mbali. Bi Somoe aliacha kukunja nguo.

"Noela, ungekuja saa mbili ningekwambia vilevile. Kofia hazikuwa zimekwisha. Zilikuwa kabatini. Tulikuwa tunawapa waliozaliwa siku za witiri na kuwanyima wa shufwa, ili tujue tofauti. Mpango ulikuwa wangu. Sikukuuliza. Nilikudanganya."

Upepo ulipita chini ya meza, ukapeperusha nyuzi. Noela hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na nne."

Noela alirudia namba ile kwa midomo tu. Kisha Dorika alitoa kitu mfukoni mwa sare yake, kimefungwa kwenye leso safi: kofia ya njano, ndogo kama yai la bata. Noela aliichukua, akaingiza vidole vitatu ndani yake. Ikajaa.

"Inuka," alisema hatimaye. "Usinipigie magoti, sina cha kukupa. Mama mkwe bado yuko hai. Kesho tunakwenda Mdandu, ukamwambie haya maneno. Na umwambie kwa Kibena, asije akasema hakuelewa."

"Mwanangu, kesho kuna robota la..." Bi Somoe alianza, akamtazama Noela usoni, akafunga mdomo.

Kesho yake mvua ilikuwa ya manyunyu. Ajuza Anjela, yule mama mkwe, walimkuta mlangoni kwake akichambua mbegu za maharage kwenye ungo. Alimwona Noela, akakunja uso. Akamwona nesi aliyevaa kofia nyeupe, akajifuta mikono. Dorika alisimama uani. Alisema yote kwa Kibena, lugha ambayo mama yake alimfundishia kufuma, na katika lugha ile hapakuwa na mahali pa kujificha. Daktari, hesabu, tarehe, vyote vilianguka njiani. Kilichobaki ni mwanamke mwenye kofia kumi na nne aliyemwambia mwanamke mwingine kwamba hana.

Ajuza alisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vikiendelea kuokota mawe kwenye maharage. Kisha aliweka ungo chini, akamgeukia Noela.

"Ingia ndani, mwanangu. Umelowa. Moto upo."

Noela alisita kizingitini, mkono ukiwa umefumba ile kofia ya njano, akainama, akaingia. Miaka mingi hakuwa ameingia nyumba ile. Ndani kukasikika kuni zikisogezwa.

Anjela alibaki akimtazama Dorika. Hakumkaribisha.

"Siku zako hizo za kuwanyima," alisema, "alikufa mjukuu wangu peke yake?"

"Walikuwa watatu."

"Na hao wengine, mama zao wanajua?"

"Hawajui."

"Nao watakuwa wanahesabu viazi," alisema ajuza, akainua ungo wake, akaingia ndani, akarudisha mlango.

Dorika alisimama uani hadi manyunyu yakapenya kofia. Alilitoa daftari chini ya koti, akalifungua kwenye kurasa za katikati, akalikinga kwa kifua kama alivyowakinga wachanga. Majina ya wale mama wawili yalikuwapo, kwa mwandiko ule mzuri. Mmoja alikuwa ameolewa Uwemba. Mwingine, Dorika alisikia, amehamia Ludewa na mumewe, wanalima upande wa Mchuchuma, mbali na gari lolote analolijua.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa tarehe kumi na nane. Alisimama njiani akisubiri gari la Njombe aunganishe Uwemba, kichwa wazi, na pembeni yake, urefu wa kiunoni, palikuwa kama pamesimama mtu. Dorika alimsogezea nafasi.